Mwaka Mama Alipotaja Pasaka

Jirani yangu wa ukuta amejifungua, na tangu wiki iliyopita harufu ya mtori inaruka ukuta kuja kwangu bila kubisha hodi. Ni harufu ya mifupa iliyochemka tangu asubuhi na ndizi zilizopondwa mpaka zikasahau kwamba zilikuwa ndizi. Mtori wa mzazi. Mimi nauza mashuka ya mitumba hapa Moshi mjini, na siku hizi nikifunga biashara nakaa nje kwenye kigoda nikijifanya napunga upepo. Jirani amedhani nasubiri kukaribishwa. Jana alinitumia bakuli. Nilishukuru, nikaliweka mezani, nikalitazama mpaka likapoa, kisha nikampelekea mlinzi wa mtaa, ambaye hana kumbukumbu yoyote na mtori.

Isitoshe mwaka unaisha. Vijana wa sokoni wanaulizana malengo. Mmoja ataacha pombe, mwingine atafungua kibanda cha pili kabla cha kwanza hakijasimama. Wameniuliza langu nikasema sina, wakacheka, wakidhani mama mzoefu anaficha mipango. Sifichi. Ninyi wa rika langu mliokulia juu huko kwenye migomba mtanielewa nikisema kwamba kwetu lengo halikutajwa hivihivi. Lilipatanwa. Na aliyetufundisha kupatana aliondoka mapema, nikabaki na ufundi bila mtu wa kuufanyia ila wateja.

Mama aliuza ndizi Himo. Alishuka kutoka Kilema na mkungu kichwani kabla ukungu haujaachia migomba, na jioni akapanda na chumvi, sabuni, na habari za watu wa njia ya mpakani. Shule ikifungwa nilishuka naye. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bei ya kwanza haitajwi ili ikubaliwe, inatajwa ili watu waanze kuzungumza. Mteja akisema yake, Mama alishtuka kama aliyeng'atwa na siafu. Mama akisema yake, mteja aliondoka, lakini polepole, kisigino kikiwa tayari kugeuka. Mimi nilikaa juu ya gunia nikihesabu vichane vilivyobaki, kisha nikivihesabu tena, kwa sababu Mama alisema hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ndiyo ya akili.

Ufundi huo aliuingiza hadi nyumbani. Kwetu ndugu wakirudi Krismasi mbuzi alichinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa, na tarehe mosi Januari baada ya misa watu walikaa jikoni kwa Bibi, jiko la nje lenye mafiga, wakaahidi mambo ya mwaka. Kata ya mbege ilizunguka, na kila aliyeipokea aliahidi zaidi ya aliyetangulia. Nilisimuliwa kwamba mwaka ambao Mama alikuwa bi harusi mgeni, Baba aliahidi kuezeka nyumba nzima kwa bati jipya. Kutoka pembeni, mkwe ambaye hakutarajiwa hata kukohoa akasema, "Punguza." Babu, aliyekuwa hai bado, akauliza ni nani kasema. Mama akajibu ni yeye, na kwamba bati za nyumba nzima hazipo hata ndotoni, ila za upande mmoja zinaweza kupatikana kahawa ikiuzwa. Babu alicheka mpaka mbege ikamwagikia mapajani. Bati za upande mmoja zilipatikana. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyeweka lengo jikoni mle bila kupunguziwa.

Alikuwa na maneno yake. Alisema lengo ni kama mkungu: jitwike ule utakaofika nao sokoni, kwa maana mkungu mkubwa ulioachwa njiani huliwa na mbuzi wa watu. Kaka yangu Aloisi alipoahidi kuwa wa kwanza darasani, Mama alimshusha ngazi kwa ngazi mpaka kufika shuleni kabla ya kengele, na alifika. Bibi, mama yake Baba, aliahidi kuacha ugoro. Mama, kwa adabu zote za mkwe, alimshusha mpaka kutonusa wakati wa misa. Bibi alijaribu. Mwezi wa pili alianza kukaa benchi la nyuma kabisa, tukasema basi, nalo ni lengo.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Mama alipoacha kushuka Himo. Kwanza alisema kifua, halafu akasema koo. Kisha siku moja yeye na Baba walivaa nguo za misa siku isiyo ya misa, wakaenda hospitali kubwa ya mjini, wakarudi jioni na mkate. Baba hakuwa mtu wa kununua mkate. Tuliukata bila kuuliza maswali, kwa kuogopa kwamba tukiuliza ungerudishwa.

Kuanzia kesho yake Bibi alianza kupika mtori.

Nataka mnielewe jinsi mtoto wa kwetu alivyosoma jambo hilo. Nilikuwa nimeshaona uzazi. Shangazi alipojifungua alikaa ndani miezi mitatu, akilishwa mtori, maziwa na supu ya mbuzi, akikatazwa kuinua hata kikombe, na wanawake wa jirani wakiingia na vibuyu na kutoka wakinong'ona. Sasa Mama naye alikaa ndani. Alilishwa mtori. Hakuinua kitu. Wanawake waliingia na vibuyu na kutoka wakinong'ona. Nilijumlisha. Nikajumlisha tena. Jibu lilikuwa lilelile: tunapata mtoto.

Kwamba tumbo la Mama halikuonekana halikunisumbua, alijifunika kanga juu ya kanga. Kwamba shangazi alinenepa na Mama anakonda lilinisumbua siku moja, kisha nikalipatia maelezo: mtoto wetu mlafi, anakula vyote. Nilianza kumpenda kwa ulafi wake. Nilitafuta kanga kuukuu ya kumbebea mgongoni, nikafanya mazoezi na boga. Aloisi alinikuta na boga mgongoni nikilibembeleza nyuma ya zizi. Nilimweleza siri. Alinitazama, yeye ambaye hakuwahi kukosa dhihaka ya kunipiga nayo, akasema tu nilirudishe boga la Bibi kabla halijapasuka, akaenda zake kukata majani ya ng'ombe. Alikata mengi kuliko ng'ombe wetu alivyohitaji.

Krismasi ile ndugu wa Dar hawakukaa mpaka mwaka mpya. Tarehe mosi tukawa jikoni sisi tu: Bibi, Baba, Aloisi, mimi, na Mama karibu na mlango penye hewa, kanga mbili begani ijapokuwa jua la Januari lilikuwa kali. Baba akasema tuanze, na kwetu huanza mdogo. Nilisimama. Sikuwahi kuwa na lengo zuri kama lile.

"Mwaka huu," nikasema, "nitambeba mtoto wa Mama."

Bibi alikuwa anachota mbege. Kata ilibaki hewani. Baba alitazama moto kana kwamba umemwita jina. Aloisi akainama kufunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Mama peke yake ndiye aliyenitazama mimi, kwa muda mrefu, na nikaona uso wake unafanya kazi, kama pale Himo mteja anapotaja kitu ambacho hakuwa amekipanga.

"Punguza," akasema.

Nikashukuru moyoni, maana nilikuwa nimetaja juu kwa makusudi. Nikasema nitambeba Jumapili tu. Akasema nipunguze. Nikasema sitambeba, nitamshika nikiwa nimekaa, Bibi akiwa karibu. Akasema bado ghali. Sasa nikaona ananionea, nikamwambia aseme yeye basi anatoa ngapi.

"Mwaka huu utajua kupika mtori," akasema. "Peke yako. Kumenya mpaka kupakua, Bibi asikushike mkono."

Nikapiga hesabu haraka. Bibi anazeeka, mtoto akizaliwa mzazi atalishwa muda mrefu, lazima awepo mpishi mwingine. Nilikubali, nikakaa chini nikidhani nimempata. Aloisi, zamu yake ilipofika, alisema atafua sare zake na zangu. Sikuelewa kwa nini mtu afue sare za mwenziwe wakati Mama yupo. Mama hakumpunguzia. Alisema, "Hilo limekaa," basi.

Baba na Bibi walisema yao, madogo madogo, bila ladha. Ikabaki zamu ya Mama. Mama kila mwaka alitaja kitu kizuri: mbuzi wa pili, sufuria la mfuniko, kufika Kirua kwa dada yake na kulala huko. Tukakaa vizuri kusikiliza.

"Mimi," akasema, "kufika Pasaka."

Karibu nicheke. Pasaka anafika kila mtu. Kuku wetu walifika Pasaka, japo wengine walifikia hapohapo. Nilimwonea Mama aibu kwa lengo lile, na kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama sokoni kichwani mwangu, nilisema neno ambalo halijawahi kusemwa jikoni mle.

"Ongeza."

"Niongeze mpaka wapi?"

"Krismasi."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Bibi akampa maji. "Krismasi ghali, mwanangu."

Nikashuka kidogo, kama nilivyofundishwa. Nikasema basi mpaka siku ya komunyo yangu ya kwanza, katikati ya mwaka, nikiwa na gauni jeupe. Mama akamtazama Baba. Baba akainuka, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa nyuma ya ukuta, tulimsikia akicheua, hakuwa na tatizo lolote.

"Pasaka nachukua," akasema Mama. "Komunyo nitaangalia."

Leo nimeshasikia neno hilo midomoni mwa wateja wengi. Anashika shuka, analinusa, analilinganisha na kitanda chake kichwani, anasema mama nitaangalia nikirudi. Najua maana yake sasa. Siku ile niliona nimepata nusu ya nilichotaka, na nusu ni ushindi.

Masomo ya mtori yalianza wiki ileile. Mama alifundisha akiwa ameketi, baadaye akiwa amelala kwenye mkeka kando ya mlango wa jiko, kwa sauti, na sauti ilipopungua, kwa mkono. Mifupa kwanza, moto mdogo, usiharakishe mfupa. Ndizi ni mshare, si kila ndizi tu, na upake mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usikushike. Ukishapika, ponda. Ukidhani umeponda, ponda tena. Mtori wangu wa kwanza aliutazama, akauliza kama nakusudia kukandika ukuta. Wa pili uliungua chini na kubaki mbichi juu, jambo ambalo alisema hajawahi kuliona, na kwamba nina kipaji. Bibi alikaa kando, mikono mapajani, akiteseka, maana aliapishwa asiniguse. Kwaresima yote niliponda. Mama alionja ncha ya mwiko, akatulia akingoja ipite kooni, kisha akasema kimoja tu: chumvi, au moto, au bado.

Alizidi kutaka mtori mwepesi. Mimi niliufanya mwepesi, nikidhani ndivyo watoto walafi wanavyopenda.

Pasaka ilipofika, Baba alimbeba Mama na kumkalisha kwenye kiti cha kamba chini ya mgomba ulioegemea ukuta, akiwa na kitenge chake cha misa kilichomzunguka mara mbili na kubaki. Wengine walienda kanisani. Mimi niliomba kubaki nipike, na nilipika peke yangu, kumenya mpaka kupakua. Nikamletea bakuli. Alichukua kijiko kimoja akangoja. Akachukua cha pili, akangoja sana. Nilihesabu vijiko viwili, nikahesabu tena, vikawa viwili.

"Huu sasa ni mtori," akasema.

Kwa kuwa nilikuwa nimelipa deni langu la mwaka mapema namna ile, nikaona nina haki ya kuuliza. Nikamuuliza mtoto anakuja lini.

Mama akaweka bakuli mapajani. Kengele ya kanisa ililia kule misheni na tukaisikiliza mpaka ilipokwisha.

"Manka, hakuna mtoto," akasema. "Mtori huu ni wangu mimi. Kitu kingine hakipiti."

Nikamwambia lakini alikaa ndani, na alilishwa, na wanawake walikuja na vibuyu. Nilimpangia ushahidi wote mbele yake kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vichane. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata kimoja.

"Ulijumlisha vizuri," akasema. "Ningekwambia siku ile ya mwaka mpya. Lakini nyumba nzima ni wewe peke yako uliyekuwa na furaha, nikawa naota moto hapo."

Sikulia, kwa sababu sikuwa nimemaliza kuelewa. Nilimuuliza kama komunyo atafika. Alinishika mkono uliokuwa bado na mafuta ya kumenyea, akasema komunyo anaiona, ila iko mbali na miguu imechoka. Kisha akaniambia niende nikaoshe sufuria kabla halijakauka, maana mtori ukikauka unashika kama simenti. Nikaenda nikaosha. Nililiosha tena. Nilipotoka alikuwa amelala kitini, akipumua, na wenzetu walikuwa wanapanda njia kutoka misa wakiimba.

Alitaja Pasaka na alifika Pasaka. Kile nilichomwongezea mimi hakikuwemo. Alikwenda kabla migomba haijamaliza kunywa mvua za masika, akazikwa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, hatua chache kutoka jikoni, tope likiwa zito kiasi kwamba wachimbaji walivua viatu. Watu walisema alipumzika. Niliwaza kwamba mtu aliyepumzika huamka.

Gauni la komunyo lilishonwa na dada yake wa Kirua. Lilinizidi. Nilipokea, nikarudi, nikala wali, Aloisi akalifua gauni jioni yake bila kuambiwa na kulianika kwa uangalifu kama linalouzwa. Yeye alikuwa anafua tangu Januari. Sare zangu mwaka ule zilikuwa nyeupe kuliko za mtoto yeyote mwenye mama.

Januari mosi iliyofuata tulitoka misa tukaingia jikoni kwa sababu miguu ilijua njia. Bibi alipakua kiburu, ndizi na maharage, chakula cha siku yoyote. Pale karibu na mlango hakuna aliyekaa. Baba akasema tuanze, mdogo atangulie.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilisimama nikasema mwaka huu nitapanda Kibo mpaka kileleni.

"Sawa," akasema Baba.

Nikangoja. Moto ulilia kidogo. Nikaongeza kwamba nitashuka na barafu kwenye ndoo, nimwagilie kahawa yote ya Kilema. Bibi akasema sawa, mjukuu wangu. Nikasema nitakuwa wa kwanza darasani, na si darasani tu, mkoa mzima. Aloisi, ambaye alijua nimekuwa wa ngapi, akasema sawa. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta wa kunishusha, nikarudia kuwatazama. Wote watatu walikuwa wanasoma sahani zao. Waliniachia mlima mzima kwa bei ya kwanza, na barafu yake juu, na nikasimama nao pale jikoni bila kujua niutue wapi.

Basi nikataja lililobaki.

"Na mwaka huu sitalia."

Baba akaweka sahani chini. Alikuwa mtu wa kupunguziwa maisha yake yote ya ndoa, sikuwahi kumsikia akimpunguzia mtu.

"Hilo ghali, Manka," akasema. "Punguza."

"Mpaka Pasaka."

"Mbali."

Nikasema mwezi huu. Akatikisa kichwa. Nikasema wiki hii, akasema wiki ina siku nyingi. Nikasema leo tu basi, mpaka jua lizame. Alifikiri, na nikaona kwamba hanipimii mimi peke yangu, anajipimia na yeye. Bibi ndiye aliyetupatanisha.

"Mpaka tumalize kula," akasema.

Baba akanyoosha mkono, nikaushika, tukapatana kama watu wa Himo. Tukarudi kwenye sahani zetu. Lilikuwa lengo dogo kuliko yote yaliyowahi kuwekwa jikoni mle, na hatukulifikia. Aliyeanza ni Baba.